Kwenda Kazini kwa Baiskeli Siku Mwili Umechoka: Mwongozo Kamili

Kutoka Kimara Mwisho hadi Posta ni kilomita 15 hivi kwa barabara ya Morogoro. Aliyezoea huzimaliza kwa dakika 45, mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Siku mwili umechoka, mtu huyohuyo hutaka kufika kwa dakika zilezile 45, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Anafika ofisini hoi, jioni anaona kilima cha kurudi hakipandiki, kesho yake baiskeli inabaki ukutani, na wiki mbili baadaye tairi zimelala. Kinachowashinda wengi ni kuiendesha safari ya siku ya uchovu kwa saa ya siku ya nguvu.

Tumeuandika mwongozo huu kwa mfano wa Dar es Salaam, yenye joto, unyevu, magari mengi na vilima vifupi. Anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju, au anayeendesha Mombasa, atabadilisha majina ya mahali. Hesabu ni zilezile.

Nguvu zinakwenda wapi

Mambo matatu hula nguvu zako barabarani: hewa, kilima, na kusimama na kuondoka.

Ukinzani wa hewa hubadilika na mwendo kwa ukali kuliko watu wanavyodhani. Ukishusha mwendo kutoka kilomita 20 hadi 15 kwa saa, nguvu ya kupasua hewa inabaki asilimia 42 tu ya ile ya mwanzo. Yaani umepunguza robo ya mwendo, ukaokoa zaidi ya nusu ya nguvu hiyo. Gharama yake kwa kilomita 15 ni dakika 15: badala ya dakika 45 utatumia saa nzima. Hakuna dawa ya uchovu wa barabarani iliyo rahisi kuliko hizo dakika 15, na ndiyo maana siku ya uchovu huanza na kutoka nyumbani mapema, au kumtumia msimamizi ujumbe kwamba utachelewa kidogo.

Kilima hakina huruma ila kina haki. Chukua mtu na baiskeli na mkoba wake, jumla kilo 90, kwenye mwinuko wa asilimia 4, yaani unaopanda mita 4 kila mita 100. Kuupanda kwa kilomita 15 kwa saa kunadai karibu wati 150 kwa ajili ya kilima peke yake. Kwa kilomita 8 kwa saa, haifiki 80. Nguvu inayodaiwa hupungua sawasawa na mwendo, hivyo anayepanda polepole hapotezi kitu isipokuwa muda.

Kusimama na kuondoka ndiko watu husahau kuhesabu. Kila unaposimama kabisa kutoka mwendo wa kilomita 20 na kuanza upya, umetumia nguvu sawa na ya kuinua uzito wako na baiskeli mita 1.6 juu. Kutoka mwendo wa 15, ni chini ya mita 1. Vivuko, mataa, daladala inayoshusha abiria ghafla: mara 25 njia nzima, nawe umepanda jengo refu bila kujua. Ukiona taa nyekundu mbele, acha kukanyaga mapema, jiachie uteleze, ufike inapogeuka kijani.

Amua usiku, si asubuhi

Kichwa kilichochoka huamua vibaya. Ama kitajilazimisha kwa ukaidi, ama kitaahirisha kila siku. Kwa hiyo weka safari za aina tatu tangu sasa, uzijue kwa majina:

1. Safari kamili: mwendo wako wa kawaida, kwenda na kurudi.
2. Safari ya polepole: kwenda na kurudi, lakini mwendo haupiti kilomita 15 kwa saa, vilima virefu unashuka na kusukuma, na unatoka dakika 20 mapema.
3. Safari nusu: unakwenda kwa baiskeli, unarudi kwa gari. Baiskeli inalala kazini, kesho yake unakuja kwa basi la mwendokasi au daladala na jioni unarudi nayo ukiwa umepumzika.

Ya nne ni kutokwenda na baiskeli kabisa, nayo ina masharti yake hapo chini.

Safari nusu ina siri ya jiografia. Kwa wanaokaa Kimara, Mbezi au Pugu na kufanya kazi mjini, asubuhi kwa jumla unashuka na jioni unapanda, tena ukiwa umeshafanya kazi kutwa. Nusu ngumu ni ya jioni. Hiyo ndiyo ya kukata. Lakini safari nusu haiwezekani bila matayarisho. Usitegemee daladala wala mwendokasi wakubebee baiskeli. Tafuta mapema mahali pa kuilaza: chumba cha walinzi kazini, stoo, au maegesho yanayolindwa karibu na kituo kama vile Ubungo. Ongea na mlinzi siku ambayo huna haraka, mpatane bei, mwonyeshe baiskeli yako. Uwe na kufuli la cheni nene, lipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja na nguzo. Gurudumu la mbele likifunguka kwa kishikizo cha mkono, lichomoe ulifunge pamoja. Nauli ya kurudia ikae kwenye mkoba wa baiskeli daima, isihesabiwe kama pesa ya matumizi.

Usiku huohuo jaza chupa ya maji, tia ndizi mbili mkobani, kagua tairi, weka nguo tayari. Dakika 10 za usiku huokoa maamuzi sita ya asubuhi. Na nguo za kazi: siku yenye nguvu katika wiki, peleka kazini mashati matatu, suruali moja, taulo na viatu. Siku ya uchovu usibebe kompyuta kama si lazima, wala chaja, kopo la chakula la chuma na kufuli mbili. Kilo 5 kwa mtu wa hesabu yetu ni zaidi ya asilimia 5 ya kazi ya kila kilima. Tena zifunge kwenye karia nyuma. Begi la mgongoni huziba hewa mgongoni, na kwa joto la Dar mgongo unahitaji kupoa.

Asubuhi: vipimo kabla ya kushika usukani

Kabla hujanyanyuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 60, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki moja ili uijue namba yako. Siku ikizidi kwa mapigo 7 hadi 10, mwili una jambo: haujapumzika, umepungukiwa maji, au kuna ugonjwa unakuja. Hiyo ni siku ya safari ya polepole, hata kama unajisikia vizuri.

Kisha angalia mkojo. Njano hafifu ni sawa. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umeamka na deni la maji, na uchovu unaouhisi huenda ni hilo tu. Kunywa nusu lita, subiri dakika 30, jipime tena.

Kama una mafua, tazama yamekaa wapi. Pua inayochuruzika na koo linalowasha kidogo haviizuii safari ya polepole. Kikohozi cha kifuani, maumivu ya mwili mzima, homa, kuhara au kutapika vinaizuia kabisa. Mwenye homa asiendeshe hata kilomita moja. Aende akapimwe malaria, kwani kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Angalia pia ulichomeza usiku. Vidonge vya mafua na mzio kama Piriton huacha usingizi hadi asubuhi, na mtu mwenye usingizi hapaswi kuwa kati ya bodaboda na malori.

Usingizi tunauwekea mpaka mgumu: umelala chini ya saa 4, usiingie barabara kuu kwa baiskeli. Miguu inaweza kukubali, lakini macho na breki zitachelewa.

Ukishapita hapo na bado hujui, tumia kipimo cha dakika 10. Toka, endesha polepole sana kwa gia nyepesi kwenye mitaa ya ndani. Uvivu wa kawaida wa asubuhi hupotea damu ikichangamka, na ifikapo dakika ya 8 au 9 miguu imelainika. Uchovu wa kweli hauondoki, au unazidi. Ukizidi, geuza bila kujilaumu. Ndiyo sababu dakika 10 za mwanzo zisiwe za kushuka kilima kirefu ambacho utalazimika kukipanda ukirudi.

Chakula na maji

Usiku mzima ini hutumia akiba yake ya sukari, hivyo anayeondoka saa 12 asubuhi bila kitu tumboni anaanza akiwa na upungufu. Siku ya nguvu anaweza asihisi. Siku ya uchovu atahisi kuanzia kilomita ya sita.

Muda ulionao ndio uchague chakula. Ukiwa na dakika 20, kula ndizi mbivu moja au mbili, au chai yenye vijiko viwili vya sukari na vipande viwili vya mkate mkavu. Ndizi moja ya wastani ina wanga wa gramu 25 hivi, na humeng'enywa upesi. Ukiwa na saa moja hadi moja na nusu, bakuli la uji wa ulezi au wa dona lenye sukari, au viazi vitamu vya kuchemsha viwili na chai. Supu ya utumbo na chapati mbili inataka saa mbili au zaidi. Mafuta hukaa tumboni, na ukiendesha damu inagombaniwa na miguu na tumbo. Matokeo ni kichefuchefu, ambacho watu hukiita uchovu. Maandazi na mihogo ya kukaanga ni hivyohivyo: mazuri ukishafika.

Kahawa au chai kali husaidia, na nguvu yake hufika kileleni baada ya dakika 30 hadi 60, kwa hiyo inywewe kabla ya kutoka, si baada ya kufika. Ila nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Kahawa ya saa 11 jioni iliyokusaidia kurudi nyumbani ndiyo itakayokunyima usingizi, na kesho utakuwa palepale.

Maji: mahesabu mengi hayahitajiki. Kunywa mililita 400 hadi 500 ndani ya saa mbili kabla ya kutoka, kwa awamu mbili. Njiani, kwa safari ya dakika 60, chupa ya mililita 750 inatosha miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana linapopita nyuzi 31 na jasho halikauki kwa unyevu, beba lita moja. Kunywa mafunda matatu manne kila dakika 15, usisubiri kiu.

Kama jana ulitoka jasho jingi na leo kichwa kinauma na misuli inakaza, maji matupu hayatoshi, umepoteza chumvi. Changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kujaa. Usizidishe chumvi, ikizidi hudhuru. Kamulia limau kwa ladha. Dafu ni kinywaji kizuri na lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, na sodiamu ndiyo inayotoka zaidi na jasho. Ukinywa dafu, kula na korosho au karanga zenye chumvi.

Baiskeli inayokula nguvu zako

Mara nyingi mtu hujidhania mgonjwa kumbe baiskeli ndiyo mgonjwa. Kabla ya kukubali kwamba umechoka, ikague kwa mpangilio huu, kutoka kinachoiba sana.

Upepo wa tairi. Tyubu hupoteza upepo hata bila pancha, kwa hiyo tairi lililojazwa wiki tatu zilizopita ni laini leo. Soma ubavuni mwa tairi: kuna namba ya mwisho usiyopaswa kuipita. Kwa mtu wa kilo 70 na baiskeli za mtumba za inchi 26 zenye tairi nene, upepo wa PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 45 hadi 50 nyuma na 40 hadi 45 mbele hufaa. Phoenix na ndugu zake za inchi 28, jaribu 50 hadi 60. Ongeza nyuma kama unabeba mzigo. Kidole gumba kinadanganya. Tairi la PSI 30 na la PSI 45 huhisiwa karibu sawa. Tumia pampu yenye kipimo, au kampime kwa fundi mara moja kwa wiki. Wenye valvu kama ya gari wanaweza kujaza kwenye kituo cha mafuta, lakini mashine ile hujaza tyubu ndogo kwa sekunde chache, hivyo gusa na kuachia, gusa na kuachia, ukisoma kipimo kila mara.

Breki na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Inua baiskeli, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono, sikiliza. Sauti ya kukwaruza mara moja kila mzunguko inaonyesha rimu imepinda na inagusa mpira wa breki mahali pamoja. Fundi ataivuta kwa spoki. Sauti isiyokatika ni breki iliyokaa upande mmoja. Gurudumu zima huzunguka muda mrefu, na mwisho hurudi nyuma kidogo kwa uzito wa valvu kabla ya kutulia. Likikata ghafla bila breki kugusa, gololi zimekauka grisi au koni, yaani nati zinazozibana gololi, zimekazwa mno. Usiendelee kuendesha hivyo, maana gololi zitachimba habu na utanunua habu nzima.

Urefu wa kiti. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi mitaani: kiti kimeshushwa ili miguu yote ifike chini, na magoti yanakaribia kifua. Mguu uliokunjwa hivyo hausukumi kwa nguvu zake zote, na goti linabeba kisichokuwa chake. Egemea ukuta, vaa viatu unavyoendeshea, weka kisigino kwenye kanyagio likiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kama umezoea kiti cha chini kwa miaka, panda sentimita 1 kila wiki, wala usipite alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba la kiti. Wakati wa kusimama, shuka mbele ya kiti uweke mguu mmoja chini. Huhitaji kufika na miguu miwili ukiwa umekaa.

Mnyororo. Mkavu hulia, mchafu husaga. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kausha, tia tone moja la oili kwenye kila kiungo kwa upande wa ndani, zungusha pedeli kinyumenyume mara 15, subiri dakika 10, kisha futa oili yote inayoonekana nje. Inayofanya kazi iko ndani. Ya nje hukusanya mchanga. Oili ya cherehani inafaa ila huisha upesi, hivyo irudie kila wiki na kila baada ya mvua. Oili chafu ya gari na mafuta ya kula visitumike: ya kwanza imejaa chembe za chuma, ya pili hugeuka gundi.

Meno. Baiskeli isiyo na gia nyingi hutoka ikiwa nzito kwa vilima vyetu. Kama mbele ina meno 44 na nyuma 18, mwambie fundi aifunge ya nyuma yenye meno 22. Nguvu ya mguu inayohitajika kwa kila mkanyago itapungua kwa asilimia 18. Mnyororo utahitaji kuongezwa kiungo kimoja kamili, yaani inchi moja, au gurudumu kusogezwa mbele kidogo. Unapoteza mwendo? Kwa gurudumu la inchi 28, mikanyago 70 kwa dakika bado inakupa zaidi ya kilomita 18 kwa saa, ambayo inatosha kabisa mjini. Kwa anayesumbuliwa na uchovu mara kwa mara, badiliko hili dogo lina faida kuliko kununua baiskeli mpya.

Njiani

Dakika 10 za kwanza ziwe nyepesi kuliko unavyotaka. Kisha jipime kwa mdomo: sema sentensi nzima kwa sauti. Ukiimaliza bila kuhema katikati, mwendo ni sahihi. Ukiikata vipandevipande, shusha. Kipimo hiki kinashinda saa za mkononi siku ya uchovu, kwa sababu hujirekebisha chenyewe kwa joto, kilima na usingizi mbaya.

Wenye gia, kaeni kwenye inayoruhusu mikanyago 70 hadi 80 kwa dakika. Hesabu goti la kulia kwa sekunde 15. Likipanda mara 18 hadi 20, uko mahali pake. Kukanyaga polepole kwa gia nzito kunahisi kama kupumzika lakini huchosha misuli ya paja. Badilisha gia kabla ya kilima kuanza, mnyororo ukiwa bado mlegevu. Ukingoja katikati, utakataa au utaruka.

Kilimani kaa kitini, legeza mabega, shika usukani bila kuubana. Kusimama juu ya pedeli huongeza mapigo haraka, na leo hatuna ya kuongeza. Usipande kwa kwenda zigizaga barabarani. Bodaboda ya nyuma haitegemei ugeuke. Kilima kikikataa, shuka usukume. Kilima chenye barabara ya urefu wa mita 600, kwa baiskeli ya mwendo wa kilomita 9 kwa saa, ni dakika 4. Kwa kusukuma kwa mwendo wa kilomita 5 ni dakika 7. Dakika 3, basi. Watu huvumilia maumivu ya siku nzima kuzikwepa dakika hizo kwa sababu ya macho ya waliosimama kituoni.

Chagua njia ya siku ya uchovu iwe tofauti. Pembeni mwa barabara ya Morogoro kuna njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na mwendokasi ulioanza 2016. Wachuuzi na bodaboda huiingilia, na bado ni heri kuliko kushindana na malori ukiwa na macho mazito. Bonde la Jangwani, kati ya Magomeni na Fire, unashuka kisha unapanda pande zote mbili; tumia mteremko kupata mwendo lakini usikanyage, acha uzito ufanye kazi. Wakati wa masika bonde hilo hufurika na barabara hufungwa, kwa hiyo asubuhi ya mvua kubwa iwe ya gari.

Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuona kizunguzungu, sukari imeshuka. Simama, toka barabarani, kunywa soda ya kawaida nusu chupa au kula vijiko vidogo vinne vya glukosi au sukari, kaa dakika 15. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime kabla ya kutoka. Akiwa chini ya 5 (mmol/L), ale wanga kwanza na apime tena. Kichwa kikiuma sana, ukaacha kutoka jasho au ukaanza kuchanganyikiwa, hilo ni joto limezidi: kivuli, maji mwilini na kichwani, legeza nguo, na mtu akupeleke hospitali. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani hayasubiri hata dakika 15.

Ukifika, usiingie ofisini moja kwa moja. Jasho huendelea kutoka dakika 10 baada ya kusimama. Kaa kivulini, nyunyiza maji mikononi na shingoni, kisha ndipo ubadilishe shati.

Jioni

Safari ya jioni huharibiwa saa 10, si saa 12. Aliyekula wali saa 7 mchana na kukaa mpaka saa 12 bila kitu anatoka akiwa mtupu. Saa 10 kula ndizi na konzi ya karanga, au embe, na unywe maji nusu lita. Dakika 5 kabla ya kutoka, jipime kwa sentensi ileile na kwa uaminifu: je, unaweza kutazama nyuma ya bega haraka, ukaona na kuamua? Kama kichwa ni kizito, safari nusu. Taa ya nyuma nyekundu na ya mbele nyeupe zisikose, kwani giza hapa huingia upesi baada ya saa 12 na nusu, na mtu aliyechoka huchelewa.

Hali za pekee

Wakati wa Ramadhani, safari ya asubuhi huwa nyepesi kwa sababu daku bado liko mwilini. La msingi ni kula daku karibu na mwisho wa muda, lenye wanga na maji, si chai tupu. Jioni kabla ya futari ndipo hatari ilipo. Ama safari nusu, ama polepole sana na tende tatu na maji mfukoni, adhana ikikukuta njiani ufuturu pale ulipo.

Wauguzi na walinzi wanaotoka zamu ya usiku: kukaa macho saa 17 mfululizo hupunguza wepesi wa kuitikia sawa na kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Asubuhi ya kutoka zamu si ya baiskeli kwenye barabara kuu. Lala dakika 20 kazini kwanza, au panda gari.

Wanawake wengi hupungukiwa nguvu siku za kwanza za hedhi. Panga safari ya polepole kwa siku hizo mapema kwenye kalenda, na kama damu ni nyingi mno kila mwezi, soma sehemu inayofuata.

Uchovu usiokwisha

Siku moja mbovu ni kawaida. Siku tatu katika wiki moja zinaonyesha umeongeza safari haraka mno. Rudi kwenye siku mbili au tatu zisizofuatana, uongeze moja kila wiki mbili. Wiki mbili mfululizo za kuchoka hata baada ya kupumzika ni suala la hospitali. Omba wapime wingi wa damu, malaria, sukari, presha na choo. Kwa mtu mzima, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu, na miguu haitapata hewa ya kutosha kwa mazoezi yoyote. Minyoo ya safura ni chanzo kimojawapo ambacho wengi hawakifikirii. Wakati huo, acha kunywa chai pamoja na chakula. Huzuia madini ya chuma ya maharage na mchicha kufyonzwa. Kunywa saa moja baadaye, na mezani kamua limau.

Aliyetoka kuugua malaria amalize dozi yote, vipindi sita ndani ya siku tatu kwa dawa mseto ya ALu, kisha asubiri mpaka amekula na kulala kawaida kwa siku kadhaa. Safari ya kwanza iwe ya jumapili, kilomita 5, bila mzigo. Ya pili iwe safari nusu. Akimaliza hiyo na mapigo ya kesho yake asubuhi yakabaki kwenye namba yake ya kawaida, aanze safari ya polepole.